Ng'ombe wa Askari: Pumba, Machicha na Magadi Ndani ya Tumbo la Kucheua

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa nafaka iliyokaushwa vizuri na kwa fedha iliyomo benki. Lakini askari aliyeweka akiba yake katika ng'ombe hana budi kuwa macho, maana akiba ya namna hiyo huweza kuoza kwa siku mbili tu ikiwa mwenyewe hajui yanayotendeka ndani ya tumbo la mnyama wake.

Jambo hili tulilishuhudia tulipokuwa katika ziara ya kikazi kwenye kikosi kimoja cha mashariki ya nchi yetu ya Uganda. Sajini mmoja, aliyekuwa amebakiza miezi michache kabla ya kustaafu, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, chotara wa Friesian, aliowanunua kwa akiba ya miaka mingi ya mshahara wake. Kiangazi kilikuwa kikali na nyasi zilikuwa zimekauka. Kwa kuwa pumba za mahindi zilipatikana kwa bei nafuu karibu na kambi, aliacha kuhangaika na nyasi na akawalisha pumba. Tena alikuwa amesikia kwamba soda ya kuokea huzuia tindikali tumboni mwa ng'ombe, basi akawa anainyunyiza kiganja kimoja juu ya kila ndoo, na moyo wake ukatulia.

Siku za kwanza maziwa yaliongezeka. Ijumaa moja, akiwa na zamu ya saa ishirini na nne, aliwawekea posho ya siku nzima kwa mara moja. Ng'ombe mwenye nguvu akamfukuza mwenzake na kula mafungu yote mawili. Jumamosi alikutwa amelala, macho yameingia ndani, kinyesi chake ni maji ya kijivu yenye harufu ya uchachu. Jumapili alikufa. Jumatatu tuliwakuta askari watatu wakichimba shimo.

"Afande," sajini alituambia, "soda niliweka. Kila siku niliweka. Sasa kosa langu ni lipi?"

"Pole sana, mzee," tulimjibu. Hatukuwa na jibu jingine siku ile. Lakini swali lake tulilichukua, tukalipeleka kwa madaktari wa mifugo na kulitafuta katika vitabu, na leo tunalileta mbele ya wasomaji wetu wa jeshi na polisi, kwa maana wengi wao wanafuga au wanatazamia kufuga watakapopokea kiinua mgongo chao.

KAMBI ILIYOMO TUMBONI

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba kilicho kikubwa kupita vyote ndicho rumeni, na kwa ng'ombe mkubwa huweza kuchukua zaidi ya lita 100. Ndani yake mna giza, mna joto la nyuzi 39 hivi, na hakuna hewa safi. Humo wanaishi vijidudu wasiohesabika, na ng'ombe asingeweza kuishi bila wao. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuyeyusha ukuta mgumu wa jani au bua. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu, nao humlipa mwenye nyumba kwa tindikali nyepesi zinazofyonzwa na kuingia katika damu. Sehemu kubwa ya nguvu za ng'ombe, karibu theluthi mbili au zaidi, hutokana na tindikali hizo. Moja kati ya hizo, iliyo ya jamii moja na siki, ndiyo ijengayo mafuta ya maziwa, nayo hupatikana zaidi pale ng'ombe anapokula nyasi.

Basi msomaji aelewe kwamba tindikali tumboni si adui. Ndiyo chakula chenyewe. Hatari hutokea inapotengenezwa kwa kasi kuliko inavyoweza kufyonzwa.

Wataalamu huupima ukali wa tindikali kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni maji matupu. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi, na kila hatua moja ya kushuka maana yake ni tindikali mara kumi. Rumeni yenye afya hukaa kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 6, vijidudu walao nyasi huanza kulegea na kuacha kazi. Ikikaa kwa saa nyingi karibu na 5.5, ng'ombe huanza kuugua polepole: hula leo na kukataa kesho, kinyesi hulainika na kuwa na mapovu, mafuta ya maziwa hupungua, na baada ya miezi kwato huanza kumuuma. Ikishuka chini ya 5, kambi huwa imepinduliwa. Vijidudu wema hufa, na mahali pao hutwaliwa na wale watoao tindikali kali ya jamii ile iliyomo katika maziwa yaliyochacha. Tindikali hiyo huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza tumboni. Ndiyo sababu macho ya ng'ombe wa sajini yalikuwa yameingia ndani ilhali tumbo lake limejaa maji.

GHALA LA ALKALI LIMO MDOMONI

Mwenyezi Mungu hakumwacha ng'ombe bila kinga. Kitu kinachopambana na tindikali huitwa alkali, na ng'ombe anayo tele katika mate yake. Ng'ombe mkubwa alaye nyasi za kutosha hutoa mate yapatayo lita 100 na zaidi kwa siku, na ndani ya mate hayo mna zaidi ya kilo moja ya chumvi ya jamii ileile ya soda ya kuokea.

Lakini mate hayatoki bure. Hutoka kwa kutafuna na kwa kucheua, na ng'ombe hucheua kwa sababu nyasi ndefu humchoma na kumkera ndani ya rumeni, zikamlazimisha kuzirudisha mdomoni. Mwenye nyasi za kutosha hucheua kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku. Pumba zilizosagwa hazimkeri popote. Humezwa haraka, hushuka moja kwa moja na kugeuzwa tindikali kwa kasi, na mate yanayofuatana nazo ni machache.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la sajini. Soda anayopewa ng'ombe wa maziwa katika mashamba yenye utaalamu ni gramu 100 hadi 200 kwa siku. Sajini alipoondoa nyasi, alimnyang'anya ng'ombe wake sehemu kubwa ya ile kilo na zaidi ya soda ya mdomoni, kisha akamrudishia viganja vichache kutoka dukani. Wakati huohuo aliongeza chakula kinacholeta tindikali. Ni sawa na kamanda anayeondoa kombania nzima kutoka katika lindo, akaweka walinzi wawili mahali pake, halafu akashangaa kwa nini ghala limevunjwa.

Hatusemi kwamba soda haina kazi. Imethibitishwa mara nyingi kwamba ng'ombe wanaokula nafaka nyingi pamoja na nyasi chache, au wanaokula saileji, hupata nafuu wanapochanganyiwa soda, na mafuta ya maziwa yao yaliyopungua hurudi. Faida yake nyingine ni kwamba humfanya ng'ombe anywe maji zaidi, na maji hayo husukuma tindikali kutoka katika rumeni na kuipeleka mbele. Kwa hiyo, mwenye kutoa soda bila maji ya kutosha huikosa faida hiyo. Na ng'ombe ambaye tayari anakula nyasi ndefu kwa shibe, soda humwongezea kidogo tu.

MABAKI YA VIWANDA NA YA JIKONI

Nchi yetu ina mabaki mengi ya chakula yanayofaa kwa ng'ombe. Viwanda vya bia vya Luzira na Njeru hutoa machicha. Viwanda vya sukari vya Kakira, Lugazi na Kinyara hutoa molasi. Vinu vya mahindi hutoa pumba, vya pamba hutoa mashudu, na jiji la Kampala hutoa maganda ya matoke magunia kwa magunia. Lakini kila mojawapo lina tabia yake ndani ya rumeni, na mfugaji asizichanganye tabia hizo.

Pumba za mahindi zina wanga mwingi uliosagwa. Hizo ndizo za kuchungwa kuliko zote. Zianzwe kidogo kidogo na kuongezwa kwa muda wa majuma mawili au matatu ili vijidudu wapate kujipanga upya, na posho ya siku igawanywe mara mbili, tatu au zaidi.

Machicha ya bia ni tofauti. Sukari yake nyingi imekwisha kutolewa na kiwanda, na kilichobaki ni protini na nyuzinyuzi. Kwa hiyo hayaleti tindikali kwa kasi kama pumba. Hata hivyo nyuzi zake ni fupi na hazimcheushi ng'ombe kama nyasi. Kadhalika, machicha mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, robo tatu na zaidi. Anayenunua gunia hununua maji hayo pia, na katika joto letu machicha huharibika kwa siku chache. Machicha yenye ukungu yasilishwe kabisa. Sumu ya ukungu huweza kupita katika maziwa na kufika kwa watoto wetu.

Molasi ni sukari karibu nusu yake, na protini yake ni kidogo mno. Kiasi kidogo hulainisha mabua makavu na kuyatia ladha. Kiasi kikubwa ni jambo jingine. Nchini Cuba, katika miaka ya 1960 na 1970, ng'ombe wengi walinenepeshwa kwa molasi iliyochanganywa na urea. Njia hiyo ilifaa, lakini pale nyasi zilipopungua kupita kiasi walionekana ng'ombe wenye kuyumba na kupofuka, kwa sababu ubongo ulikosa lishe yake. Hata katika nchi ile iliyojaa miwa, nyasi zilibaki kuwa za lazima.

Maganda ya matoke hupendwa na ng'ombe na yana maji mengi. Hatari yake kubwa mara nyingi haimo katika maganda yenyewe, bali katika vitu vinavyofuatana nayo kutoka jalalani: misumari, vipande vya waya na kaveera. Mfuko wa plastiki ukiingia katika rumeni hauyeyuki wala hautoki. Hubaki humo, mwingine juu ya mwingine, mpaka ng'ombe akonde na kufa akiwa na tumbo lililojaa. Kwa hiyo gunia la maganda limwagwe chini na kukaguliwa kwa mkono kabla ya kutiwa katika hori.

ALKALI YA PILI: ILE YA NJE YA TUMBO

Mpaka hapa tumezungumza juu ya alkali inayotuliza tindikali ndani ya rumeni. Iko kazi nyingine ya alkali, nayo hufanyika nje, kabla ng'ombe hajala. Wafugaji wengi huzichanganya kazi hizi mbili, na kosa hilo ni la hatari.

Mabua makavu ya mpunga, ya mtama na ya mahindi yana nguvu nyingi ndani yake, lakini nguvu hizo zimefungwa kwa kitu kigumu kama gundi ya mbao. Vijidudu hugonga ukuta huo bila kuingia. Alkali ina uwezo wa kuilegeza gundi hiyo na kufungua njia.

Historia ya ujuzi huu inawahusu wanajeshi moja kwa moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliizingira Ujerumani kwa manowari, na chakula cha watu na wanyama kikaadimika. Wakati huo kila jeshi lilitegemea farasi kukokota mizinga na mizigo. Wanakemia wa Ujerumani wakageukia mabua. Mmoja wao, Ernst Beckmann, alitengeneza njia ya kuyaloweka katika maji yenye alkali kali inayotengenezewa sabuni, kisha kuyaosha kwa maji mengi. Mwaka 1921 alieleza matokeo yake kwa maandishi: mabua ambayo mnyama aliweza kuyeyusha chini ya nusu yake sasa aliyeyusha karibu theluthi mbili. Njia yake ilitumika katika nchi kadhaa za Ulaya, hasa Norway. Kasoro yake ilikuwa maji mengi yaliyohitajika, na virutubisho vilivyochukuliwa na maji hayo ya kuoshea.

Alkali ile ya sabuni huunguza ngozi na macho, nasi hatumshauri askari yeyote kuishika kwa kazi hii. Tangu miaka ya 1970 na 1980, katika nchi za Asia kama Sri Lanka na Bangladesh, ilienea njia iliyo nafuu na salama zaidi, yaani kutumia urea, ile mbolea nyeupe ya chembechembe. Urea ikilowa na kufunikwa pamoja na mabua hugeuka kuwa amonia, ambayo ni alkali, nayo hupenya polepole na kulegeza ukuta. Tena huacha naitrojeni ambayo vijidudu huitumia kujenga protini.

Utaratibu wake ni huu. Kwa mabua makavu kilo 100, chukua urea kilo 4 hadi 5. Iyeyushe yote katika maji lita 50 hadi 100, kulingana na ukavu wa mabua, mpaka isibaki chembe hata moja. Panga mabua kwa tabaka katika shimo au juu ya turubai, ukinyunyizia kila tabaka kwa usawa na kulikanyaga lishikane. Funika kwa plastiki isiyotoboka, uzibe kingo zake kwa udongo. Acha kwa majuma mawili hadi matatu. Utakapofungua, mabua yatakuwa na rangi ya kahawia na harufu kali ya amonia. Toa ya kutosha siku moja, yaanike mpaka harufu ipungue, ndipo ulishe. Katika sehemu za mpunga kama Doho, wilayani Butaleja, mabua hupatikana kwa wingi baada ya mavuno. Familia ya askari yenye turubai moja na mifuko michache ya urea inaweza kujiwekea chakula cha kiangazi.

ALKALI NAYO HUUA

Sasa tuseme onyo lililo kubwa. Tindikali ikizidi huua kwa siku mbili tatu. Amonia ikizidi huua kwa saa chache, na pengine kwa chini ya saa moja. Ng'ombe aliyelamba urea kavu, au aliyekunywa maji yake yaliyosalia katika ndoo, hutetemeka, hutoa mate mengi, tumbo huvimba, huanguka na kufa. Kwa hiyo mfuko wa urea utunzwe kama risasi zinavyotunzwa: mahali pakavu, pamefungwa, na mwenye ufunguo ajulikane. Ndama aliye chini ya miezi sita asipewe chakula chenye urea, maana rumeni yake haijakomaa.

Tena ni lazima kutofautisha majina. Soda ya kuokea ni alkali pole, na ndiyo inayoweza kuchanganywa katika chakula cha ng'ombe. Magadi ya mawe, kama yale yatokayo Ziwa Magadi nchini Kenya, ni makali zaidi, na mara nyingi yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa ikitumiwa kwa muda mrefu. Magadi makali ya viwandani yanayotengenezewa sabuni ni kitu kingine kabisa, na huunguza koo. Chumvi ya Katwe ni mchanganyiko wa chumvi nyingi. Ng'ombe huilamba kwa faida yake, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya soda. Anayekwenda dukani na kuomba "magadi" tu, bila kueleza ni yapi, hajui atakachorudi nacho nyumbani.

AMRI ZA BANDA

Katika jeshi tumezoea amri fupi, basi tunayafupisha mafundisho haya kwa namna hiyo.

1. Nyasi ndefu au mabua yatangulie asubuhi, ndipo pumba au machicha yafuate.

2. Badiliko lolote la chakula lichukue majuma mawili au matatu. Posho ya siku nzima isiwekwe kwa mara moja, hata kama mwenye ng'ombe yuko zamu.

3. Kila ng'ombe awe na hori lake, ili mwenye nguvu asile fungu la mnyonge.

4. Maji safi yawepo mchana na usiku.

5. Soda itolewe juu ya nyasi, isitolewe mahali pa nyasi. Ichanganywe vizuri, na isizidi gramu 100 hadi 200 kwa ng'ombe mkubwa kwa siku.

6. Kagua kucheua kama unavyokagua lindo. Ng'ombe wanapopumzika, angalau nusu yao wawe wanacheua. Mwenye ng'ombe mmoja amtazame mara kadhaa kwa siku. Asiyecheua ana habari ya kukueleza.

7. Ng'ombe akivunja ghala na kula pumba au nafaka nyingi, usingoje dalili. Ondoa chakula chote kilichosagwa, mpe nyasi kavu, na umwite daktari wa mifugo saa ileile. Aliyekwisha kulala asinyweshwe dawa kwa nguvu na mtu asiye na ujuzi, kwa kuwa dawa huweza kuingia katika mapafu. Aegemezwe akae kwa kifua, asiachwe alale ubavu.

Miezi kadhaa baadaye tulipita tena kwenye kikosi kile. Sajini alikuwa amekwisha kupokea barua yake ya kustaafu. Alituongoza hadi nyuma ya nyumba yake, akafunua ukingo wa turubai, na harufu ya amonia ikatutoa machozi, naye akacheka. Ng'ombe wake aliyesalia, yule mnyonge aliyefukuzwa horini siku ile ya Ijumaa, alikuwa amelala kivulini akicheua. Hapo kando palikuwa na ndoo moja ndogo ya pumba, na kopo la soda limefungwa na kuwekwa juu ya boriti.

"Afande," alisema, "maziwa si mengi kama zile siku chache za kwanza. Lakini ni ya kila siku."

Tunawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi wawape nafasi mabwana mifugo wa wilaya kuzungumza na askari katika siku za mafundisho, hasa kabla ya kiangazi kuanza na kabla ya askari kupokea mafao yao. Mtu aliyelinda nchi kwa miaka ishirini au zaidi hastahili kupoteza matunda ya utumishi wake kwa sababu ya ndoo tatu za pumba. Na wewe ndugu msomaji, jioni ya leo utakaporudi nyumbani, kabla hujauliza maziwa ni lita ngapi, simama bandani kwa dakika chache utazame kama ng'ombe wako anacheua.